Hesabu ya Moshi Kizuizini

Jumatatu, 3 Machi 1986
Nimepata kazi! Ya wiki mbili tu, lakini kazi. Naketi kwa stuli karibu na kizuizi cha barabara ya Marsabit, mbele ya nyumba yetu, nahesabu gari. Lori mstari wake, basi mstari wake, pikapu mstari wake. Mhandisi Kaimenyi, wa chuo kikuu, anasema hesabu zangu zitaingia kwa kompyuta Nairobi, halafu kompyuta itakadiria moshi. Sikuelewa. Akachora barabara mchangani na kijiti. Ati mashine inatengeneza Isiolo nyingine, ya namba tupu. Gari zinaingia, zinangoja, zinatoka, kila moja inaacha moshi wake, wao wanajumlisha.

Isiolo nyingine! Siku nzima ndiyo naiwaza.

Alhamisi, 6 Machi
Lori arobaini na moja. Nikifumba macho bado zinapita.

Ile Isiolo ya mashine ina vumbi? Ina mbuzi wanaolala katikati ya lami? Nadhani lori zake hazina dereva wala sauti. Zinateleza tu, kama kivuli cha wingu juu ya malisho.

Asubuhi lori za kungoja msafara wa Moyale, ule wa kusindikizwa na polisi, zilijipanga, moshi ukapanda bluu, polepole, mpaka milima ya Meru ikapotea. Ulikuwa mzuri kutazama — Mungu anisamehe. Mama alifunga dirisha. Anakohoa tangu Januari.

Jumatatu, 10 Machi
Mhandisi amerudi na karatasi ndefu ya kompyuta, yenye matundu pembeni. Moshi kidogo sana, anasema. Hakuna haja ya kusogeza mahali pa kungojea mbali na nyumba zetu.

Nikamwuliza: lori zako, zikingoja msafara, zinazima injini?

"Si lazima? Dereva angoje saa nzima na gari inanguruma?"

Nikacheka, halafu nikaona aibu. Mimi ni mtoto wa mwenye lori, hii naijua. Nikamwambia betri za huku zimechoka, stata zimekufa. Ukizima, utasukuma. Kwa hivyo hakuna anayezima.

Akageuka kuangalia ile foleni. Lori zote zilikuwa zinatetemeka mahali zimesimama. "Basi Istar, nihesabie dakika," akasema, akavua saa yake ya mkono akanipa.

Jumatano, 12 Machi
Thelathini na tano. Hamsini. Ishirini. Dakika ni kitu cha ajabu, ukiziangalia zinakuwa nzito.

Halafu lori ya kijani ya Aabo, baba yangu. Saa mbili mpaka saa nne na robo! Dakika mia moja thelathini na tano. Hakuna lori iliyoifikia.

Aabo alikuja akasimama nyuma yangu.

"Hii yangu pia umeandika?"

"Ndiyo, Aabo."

"Futa. Watu wa Nairobi wakiona hiyo, watasema gari zee zisikanyage hapa. Na hiyo gari zee ndiyo imekusomesha."

Hakufoka. Angefoka ingekuwa rahisi.

Alhamisi, 13 Machi
Sijafuta. Raba iko mfukoni.

Adhuhuri nilisinzia kidogo nikaota niko ile Isiolo ya namba. Lori ya Aabo inangoja msafara, msafara hauji. Mama yuko ndani, anafuta kioo na leso, kioo hakitakati. Niliamka nimekumbatia karatasi.

Ijumaa, 14 Machi
Mhandisi amekuja kuchukua karatasi. Aabo ndiyo anatoka msikitini, akamkuta mlangoni, akamvuta ndani. Mgeni haachwi juani. Sasa wako sebuleni, mimi jikoni, naandika chai ikichemka. Mlango ni pazia tu, nasikia kila kitu.

Mhandisi anapindua karatasi. "Hii ya dakika mia moja thelathini na tano — ni kweli, ama msichana amekosea?"

Kijiko hakigongi, kiti hakilii.

"Hiyo mashine yako," sauti ya Aabo, pole kabisa, "inajua mwenye gari ni nani?"

"Hapana, mzee. Inajua dakika tu."

"Na inajua nani anakaa hapa, anavuta huo moshi?"

"Hapana. Hiyo pia haijui."

Halafu Aabo anaita jina. Si langu. Anamwita Mama, anasema njoo ukae hapa, kuna mtu nataka akuone —