Mwisho Ulionisomea

Mpendwa Baba Zuhura,

Leo tena sijatoka. Eda yako imeniweka ndani ya nyumba yetu hii ya Mbekenyera, nimevaa nyeupe, na dada yako amehamia chumba cha pili ili nisikae peke yangu. Wifi ni mwema, lakini nikikohoa anauliza, nikisogea dirishani anauliza pia. Basi nasoma. Yule mwalimu wa Nachingwea aliyekuwa akikuazima vitabu amenitumia mzigo mzima kwa bodaboda, vipya pamoja na vile tulivyokwisha kuvisoma. Wifi ameona ni heri kuliko kulia.

Tulivyokwisha kuvisoma, nasema, lakini msomaji ulikuwa wewe. Mimi nilikuwa nabangua korosho. Mikono nimeipaka majivu ili mafuta ya maganda yasinibabue, na wewe juu ya kigoda, upande usiofika moshi, umekishika kitabu cha watu kama mtoto mchanga. "Usikiguse, Mama Zuhura, utakitia madoa." Sikukigusa. Miaka yote ile nilizijua riwaya kwa sauti yako tu, nikabishana nawe mpaka korosho zikaungua.

Nimeukumbuka sana ubishi huo, kwa hiyo nikupe habari za hivi vipya. Waandishi wa siku hizi wana haraka. Mtu hajamaliza kupenda, ameshaachwa, na nusu ya kitabu ni meseji za simu. Kuna riwaya ya wachimba dhahabu. Nadhani mwandishi alipita machimbo ya Namungo ndani ya gari lililofungwa vioo, maana watu wake wanatoka shimoni na mashati meupe. Na mwanamke wa kijijini akitokea, lazima awe na ndoo kichwani na machozi mashavuni. Moja tu imenishika, ya mkunga anayestaafu. Haina kisa kikubwa, ila aliyeiandika anajua kunyamaza. Ungesema inachosha, nami ningekujibu kwamba anayechosha ni wewe.

Kisha nikaifungua ile ya picha. Uliidharau mwanzoni, ukasema katuni ni za watoto, halafu ukanisimulia picha moja moja kwa sababu nilikung'ang'ania. Ni ya yule mwanamke mwenye mume mpole, hampigi wala hamtukani, lakini kila ukurasa nyumba yao inazidi kuwa ndogo. Nilikuuliza inaishaje. Ulikifunga kitabu kwanza, ndipo ukasema, "Amekaa ndani, taa inawaka, mume anakunywa chai. Ndo mwisho."

Nimefika ukurasa huo. Mume wangu, hakuna taa wala chai. Kuna mlango ulio wazi, chumba kitupu, na barabara.

Nilidhani kurasa zimeshikana, nikazikagua. Kisha nikazirudia zile riwaya nyingine za zamani. Yule aliyepanda basi, uliniambia aliteremka njiani akarudi kwake. Hakuteremka. Yule aliyekwenda kusomea unesi hakukatisha masomo kwa ajili ya mtu yeyote. Kila mwanamke aliyeondoka katika vitabu hivi, wewe ulimrudisha nyumbani.

Nilicheka kwanza, mpaka wifi akaja kuangalia. Baadaye nikakumbuka kwamba ulinisomea hivyo wakati uleule nilipokuwa nakuomba niende Nachingwea kwa dada yangu, ninunue cherehani, nishone mjini. Hukunikataza. Ulisema tutaona, ukazidi kuazima vitabu. Nikakukasirikia siku nzima, na kumkasirikia marehemu ni kazi, kwani hajibu. Kumbe nilikuwa nimefungiwa kwa sauti tamu, na kila jioni mimi mwenyewe nilikuwa nakuhimiza uendelee.

Jana wifi aliketi mkekani, akaniambia kwa upole, "Eda ikiisha utakaa hapahapa, wifi. Mikorosho ya kaka ataiangalia nani?" Ndugu zako wote wanasema hivyo. Nikamtazama, nikaona naye ananisomea mwisho. Nikamjibu tutaona. Nimelirithi neno lako.

Ungeniuliza tu, Baba Zuhura. Ningekuambia nilitaka cherehani, sikutaka kukuacha. Ningekwenda na ningerudi kwa miguu yangu, pasipo wewe kunirudisha kwenye vitabu vya watu. Nilikupenda, na bado nakupenda, na nyumba hii inazidi kuwa ndogo.

Vitabu nitavirudisha Nachingwea mwenyewe, eda ikiisha. Wifi ameshanipangia gari la asubuhi na la kurudi jioni. Sijamwambia safari hiyo inaishaje.

Mungu akupe kauli thabiti huko uliko, na malaika wakikuuliza, jibu kama ilivyoandikwa.

Mkeo,
Mama Zuhura