Kompyuta Yako Ilisema Nipo

Mpendwa dada Faraja,

Baba amekuja dukani leo kutoka Kichiwa, akaniomba nimwashie ile kompyuta yako niliyoihamishia huku. Nitakueleza nilivyomfanyia, na usitegemee niwe mpole. Upole ulikuwa kazi yako.

Unakumbuka uliponifundisha soketi, ile njia ya kompyuta mbili kuongea? Ilikuwa hapahapa Makambako, asubuhi ya baridi, wateja wa fotokopi hawajafika, na jicho lako la kushoto limevimba hadi limefumba. Nikakuuliza nani kakupiga, wakati jibu ninalo. Ukasema, "Tufanye kazi kwanza." Uliita laibrari, amri zilizokwisha kuandikwa na wengine, ukaongeza mistari michache: kompyuta ya duka ifungue soketi, ishike namba yake ya mlango, isikilize. Ile ya nyumbani kwako, ng'ambo ya uchochoro, ambako Wi-Fi yetu ilifika, ipige hodi. Ikishapokewa, kila dakika ituletee neno moja: nipo.

"Na isipoleta?"

"Usiisubiri mpaka kesho. Iwekee muda. Soketi ikifungwa vizuri inaaga, mdogo wangu. Kompyuta ikivunjwa haiagi. Inanyamaza tu, na wewe huku unadhani bado mnaongea."

Hapo nikaelewa tunatengeneza nini. Kimya kikizidi, spika ya duka ilie.

Ikalia siku ya gulio. Nilivuka uchochoro na nondo tunayofungia mlango. Mumeo alikuwa ameipasua kompyuta kwa mpini wa jembe, kisha akahamia mgongoni kwako. Damu ilikuwa ukutani, mkono wako unaning'inia. Nilimpiga begani kwa nguvu zangu zote, nikasikia mfupa ukivunjika, nikafurahi. Mpaka leo nafurahi.

Halafu kikao, nyumbani kwa baba Kichiwa. Kwetu kikao cha ndoa hakifungwi mpaka kila upande utoe yote yaliyo moyoni. Mumeo akatoa ya kwake, mkono umefungwa kwa khanga, machozi hadi kidevuni. Baba akakugeukia. "Umemsamehe?"

"Nimemsamehe."

"Na wewe umemficha nini mwenzio? Kale kamtambo ka dukani ni ka nini? Mweleze, msirudi nyumbani na siri."

Niliruka nikapiga kelele. Baba mdogo akanikalisha kwa kunivuta sketi, akisema ambaye hajaolewa hasemi. Ukaeleza, dada. Ukaeleza kama ulivyonifundisha mimi, bila kuacha kitu, maana uliombwa ukweli. Mumeo alisikiliza kichwa kimeinama, akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo kama haijazimwa, inaendelea yenyewe?"

"Ndiyo," ukasema. "Inaendelea."

Tukasali, tukala kuku, mkarudi Makambako. Tukakufungia kompyuta nyingine, programu ileile.

Jumapili ile baada ya ibada nilikuwa dukani natafuna mahindi ya kuchoma. Kioo kinaandika nipo, nipo, nami nimetulia kabisa. Jirani ndiye aliyepiga yowe, alipomwona mumeo uani ananawa na maji mekundu. Nilikukuta sakafuni, shingo imekatwa kwa panga, mkono ambao ulikuwa haujapona umekatwa pia. Kompyuta ilikuwa nzima. Aliisogeza pembeni isirukiwe na damu, akaiacha iseme kwa niaba yako. Nilimng'ata sikio nikabaki nalo mdomoni, na majirani wakanitoa juu yake kabla sijamaliza. Yuko mahabusu sasa anasubiri kesi. Wanaoniambia nimsamehe nawafukuza dukani.

Basi leo baba akasema, "Nataka nione alichokuwa anakisema." Ningeweza kumkatalia. Nikawasha.

Nipo.

Unamjua baba, humsalimia hata aliyelala. Akavua kofia. "Kamwene, mwanangu."

Akasubiri. Dakika ikapita. Nipo.

"Kamwene," akasema tena, safari hii kwa sauti ya chini. Nilimwacha. Nilitaka avunjike kama lile bega.

"Haiwezi kujua kwamba hayupo?" akaniuliza.

"Haiwezi, baba. Inasema ilichoambiwa kusema. Kama yeye kwenye kikao chako."

Akashuka kwenye kiti taratibu, magoti, kisha paji la uso kwenye saruji, akalia kwa sauti ambayo sikuijua. Sikumwinua. Mteja alichungulia akaondoka. Nakupenda dada, na baba bado nampenda, lakini sikumwinua, na sikuona haya.

Nimekuja kumpa maji baadaye, akanywa akiwa palepale chini. Ndipo nikaenda kwenye kompyuta yako. Sikuchomoa waya. Nimeandika amri ya kufunga, kwa vidole vyangu, ulivyonifundisha, na upande wa dukani ukapokea kwaheri yako ambayo yule mtu hakukuachia muda wa kuisema.

Lala sasa, dada. Nimeisoma.

Mdogo wako