Herufi Tatu za Baba

12 Januari

Mwanangu mpenzi,
Hujambo huko? Sisi wazima, ila goti langu halinisahau. Baba yako mdogo kapimwa damu, maana mikono inamcheza kama ilivyomcheza kaka yake, marehemu baba yako. Kapewa karatasi imejaa herufi na namba, nimeitia humu. Wewe unashinda maabara, nisomee. Mtaani wanasema ni pombe ya ukoo.
Mama yako

2 Februari

Shikamoo Mama,
Pole na goti. Nimeisoma. Si pombe, Mama. Mwili una maagizo ya kutengeneza kila protini. Agizo moja huitwa jeni, nalo limeandikwa kwa herufi. Jeni waliyompima Baba Mdogo ni ya kale, hata samaki wanayo, na mimba haikui bila hiyo. Mwanzoni mwake kuna herufi tatu zinazojirudia, kwa wengi kama mara ishirini hivi. Kwa Baba Mdogo ni arobaini na sita. Basi protini inarefuka kupita kiasi, na ubongo unaharibika polepole. Sisi hapa tunatafuta namna ya kuipunguza nguvu jeni yenyewe. Bado hatujafika.
Bila shaka Baba naye alikuwa na ugonjwa huu; ndiyo maana, fundi saa hodari vile, aliangusha saa za wateja. Hakuwa mlevi.
Bintiyo

20 Februari

Mwanangu,
Barua yako niliisoma cherehani ikizunguka, sindano ikanipita kidoleni. Miaka tisa nilimnusa baba yako mdomo kila alipoingia. "Nusa tena, mke wangu," alikuwa akisema, "hakuna kitu." Nami namjibu, "Umetafuna karafuu, mjanja wewe." Alikufa chumba cha uani, peke yake. Msamaha nimwombe nani?
Halafu nikashtuka: wewe ni damu yake. Umejipima?
Mama

9 Julai

Shikamoo Mama,
Nisamehe kwa kimya. Nimejipima. Kwa baba mtoto hurithi nakala moja kati ya mbili, kwa hiyo ilikuwa nusu kwa nusu. Mimi nimeangukia ile mbaya. Arobaini na nne.
Bado nashika kalamu vizuri. Usije, safari ni ndefu.
Bintiyo

16 Julai

Mwanangu,
Nimeshakata tiketi ya Alhamisi. Baba Mdogo atanisindikiza hadi stendi, anatetemeka na kucheka, anasema nikusalimie.
Sijui dawa yenu itafika lini. Ila siku kikombe kitakapokuponyoka, nitakuwa nimeketi mbele yako. Nitaokota vigae, nikumiminie kingine, na nitakushikia mpaka umalize.
Mama yako