Maneno Yalielekea Ndani

Jumamosi, kwenye basi la kurudi Jeddah

Na mdomo wangu huu! Nilimgombeza mtu mbele ya wenzake.

Miezi mitatu sisi Waafrika Mashariki wa Jeddah tumeshona kanga moja ya kila doti, wenzetu wa Riyadh wakashona ya pili, ili zikutane kwenye tamasha la sanaa jangwani ziwe paa moja la kivuli. Jana nafika, Otieno wa kundi la Riyadh, Mkenya afanyaye kazi ya ulinzi, keshaunga pande zote mbili kwa uzi na kulifunga paa juu. Maandishi yote yanatazama chini!

"Kanga husema na walio nje, kaka!" nikamfokea.

"Pole, dada Zuhura. Mimi nilidhani maneno ni ya wenye wamekaa chini yake."

Muda wa kufungua haukuwepo. Nikanuna.

Adhuhuri jua likakaza. Wanawake wakaingia kivulini, Wasudani, Wasomali, mama mmoja Msaudi na binti zake, wakajinyoosha kwenye mikeka. Ukilala chali, utatazama wapi? Yule mama akanyoosha kidole juu, akauliza kwa Kiarabu pameandikwa nini. Nikamfasiria: "Aliyefika kwangu si mgeni tena." Akaonyesha nyingine. Wengine wakasogea. Mpaka alasiri nilikuwa nasoma bado, koo limenikauka, na hakuna aliyetaka kuondoka.

Miaka yote hii tunakutana wenyewe kwa wenyewe. Jana tulikuwa na wageni, na walikuwa kwetu.

Jioni Otieno akaja na mkasi. "Nifumue, kila mtu arudi na yake?"

Neno pole lilinikwama. Nikamwambia asithubutu kukata uzi hata mmoja, na mwakani alifunge paa vilevile, maneno ndani.