Betri Iliyoandikwa Mama

Suna, Jumapili mchana

Kwa mdogo wangu Odhiambo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mke wako na watoto. Mvua imefika huko kisiwani Mfangano? Na mahindi ya Mama nyuma ya nyumba, kuna mtu anayeyapalilia? Huku Suna sisi tu wazima. Shule zinakaribia kufunguliwa, kwa hiyo sare za kushona ni nyingi na cherehani haipoi. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningelia.

Juzi nilikuwa natunga uzi, nikamkumbuka Mama akilamba ncha na kufumba jicho moja, akilalamika kwamba sindano za siku hizi hazina tundu. Nikaweka kazi chini kwanza.

Unaikumbuka siku ile daktari wa Homa Bay alipotuambia kuwa moshi wa koroboi yake ya mafuta ya taa unamla Mama kifua? Ulikuwa umekaa kando yangu kwenye benchi. Nilirudi huku nikashona mpaka vidole vikavimba, nikanunua paneli ya sola, balbu mbili na betri. Nilichukua rangi yangu nyekundu ya kucha, nikaandika juu ya betri: MAMA. Niliogopa fundi asije akaibadilisha. Wewe ndiye uliyepanda paani kufunga paneli, na Mama akakuita kutoka chini, "Shuka, Odhi! Ukianguka, mimi nitazikwa na nani?" Tulicheka sote watatu.

Tangu hapo, kila nilipompigia simu jioni nilimuuliza, "Mama, taa iko?" Naye akajibu, "Iko kazini." Nilifurahi, nikadhani inamwakia. Na kila nilipokuja, kwa ajili ya watoto niliowaacha huku, nilifika na boti ya asubuhi nikaondoka na ya alasiri. Niliikuta betri mezani ikishiba jua, kitaa chake cha kijani kikiwaka. Nilibonyeza swichi, balbu ikawaka mchana kweupe, nikarudi nimetulia. Kifua hakikupona. Nikasema ni uzee.

Siku ya tatu baada ya mazishi ya Mama nilishuka ufuoni kungoja boti. Wavuvi wako walikuwa wakipakia nyavu kwenye mtumbwi wako wa omena, hao dagaa wetu wa ziwani. Mmoja akamwita mwenzake kwa kelele, "Omera, ndugu yangu, Mama yuko wapi?"

Niliweka mkoba wangu chini.

"Mama bado anakula jua!"

"Amekula ya kutosha, mlete! Bila Mama leo tutavua magugu!"

"Huyo hapo anakuja. Wewe, mshike vizuri! Huyu si mke wako, ukimwangusha hatakurudia!"

Wakacheka. Nikageuka, nikaona betri imebebwa begani, na herufi zangu nyekundu juu yake.

Ulinikuta nimesimama hapo hapo. Ukasema, "Dada, usikasirike. Ziwani bila taa omena hawasogei. Hao omena ndio waliokuwa wakimlisha. Na Mama mwenyewe alikubali."

Nikakuuliza, "Tangu lini?"

"Tangu wiki ile ulipoileta."

Niliacha boti iende. Nilirudi nyumbani kwa Mama, na chini ya kitanda nikapata koroboi imefungwa ndani ya leso. Ukuta juu ya mto wake ulikuwa mweusi, alikuwa ameutundikia kalenda. Alikuwa akiificha kila nikija, Odhiambo. Alikuwa akikuficha wewe.

Sisemi ulimuua Mama. Hilo silijui, na sitalisema mbele ya mtu. Na ninaamini alikubali. Mama angekupa hata meno yake ungeyataka. Ndiyo maana haikufaa kumwomba. Kinachoniuma ni kwamba ulikaa kwenye benchi lile, ukamsikia daktari kwa masikio yako, kisha kila jioni ukaingia kwake, ukachomoa waya, ukamwachia moshi. Na mimi nilipokushukuru kwa kumtunza, ulisema, "Usijali, Dada."

Sasa umeniomba nikutafutie betri ya pili hapa Suna, kubwa zaidi, kwa kuwa siku hizi huko kila paa lina paneli na kila mtumbwi una taa, na omena wanafuata mwanga mkali. Sitaitafuta.

Nisalimie wifi yangu aliyemwogesha Mama siku zake za mwisho. Nisalimie mama mdogo wa boma la pili, mwambie gauni lake la kanisani nimelimaliza, limebaki vifungo tu. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka, na kalenda ya bibi yao wasiibandue.

Pamoja na barua hii kuna chupa ndogo. Ni dawa ya kufutia rangi ya kucha, kwa sababu maji ya ziwa hayaiondoi. Kama betri ni yako, keti chini ulifute jina hilo kwa mkono wako mwenyewe, herufi moja moja, kisha uende ukavue. Sitakuuliza tena. Mkono ukikataa, irudishe kwenye meza yake, uwashe balbu jioni moja tu, unipigie simu. Nitakuuliza kama nilivyokuwa nikimuuliza yeye, taa iko? Nawe usinijibu kwamba iko kazini.

Ni mimi dada yako,
Atieno