Holda Yenye Makovu

Masanja mjukuu wangu, mume wangu wa mbali,

Marahaba. Huku Tinde tu wazima. Mama yako amevuna dengu, na babu yako bado anabishana na redio.

Unauliza ununue holda zipi za kuwekea filamu kwenye hiyo kamera yako kubwa: zinazong'aa, au kuukuu zilizoandikwa namba kwa mkono. Nilipokuwa mpiga picha Masumbwe nilikuwa nazo zote. Akaja Mama Kabula, anataka picha ya kumpelekea mwanawe machimboni Bugarama. "Binti, nakaa mara moja tu," akasema. Nikatumia inayong'aa, nionekane wa maana. Kumbe ilikuwa inavujisha mwanga. Picha ikatoka na mstari mweupe katikati ya uso.

Akaitazama sana. "Na ile yenye makovu unamwekea nani?"

Akakubali kukaa tena, kaipakata mwenyewe ile kuukuu mpaka nilipoihitaji. Picha ikatoka safi.

Holda inayong'aa, jiulize kwa nini hakuna aliyeifanyia kazi. Nunua zenye namba, uzijaribu juani kwanza. Kisha njoo unipige mimi. Nakaa mara moja tu.

Bibi yako