Ngazi pembeni mwa daftari

Kisangani, Jumamosi

Mama Neema,

Pokea salamu zangu, wewe na watoto. Kikohozi cha Amani kimeisha, au baridi ya Bukavu bado inamtesa? Na mgongo wako? Usinijibu "tuko sawa" kama kawaida yako, niandikie ukweli. Mimi sina homa, nakula, joto la huku nimelizoea. Ila sijatulia, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu.

Tangu uniulize kama uhamie huku na watoto au unisubiri, nami nikakujibu "tutaona", sikai mahali pamoja. Kitanda nimekihamisha mara tatu. Jioni natembea kwa miguu hadi Simi-Simi, nageuka, narudi. Waendesha baiskeli za toleka, ambao hubeba kila mtu, wameacha hata kuniita.

Kazini redioni nasema niko vizuri. Jumatatu tulikuwa kwenye mkutano juu ya mitumbwi inayovusha watu kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto. Karibu nami alikaa Mama Aziza, fundi wetu wa sauti, mtu wa Kindu asiyeweza kunyamaza na jambo. Aliinama akatazama daftari langu.

"Papa Neema, kila siku mu kaye unachora ngazi. Kisangani iko na mulima wapi?"

Nikamwambia mkono unajichezea tu, msemaji ndiye anayerefusha maneno. Akasema yeye akichoka huchora vikapu, na mumewe akimkasirisha huchora visu, na mume mwenyewe siku hizi hukagua karatasi zake kabla ya kuketi mezani. Kisha akaweka kidole kwenye mchoro.

"Na hapa kipandio moja imepotea. Iko wapi?"

Nikamjibu kwamba kalamu ya biki iliruka.

Unanijua, siamini jambo kabla ya kulihakikisha. Nilitoa madaftari yangu yote ya mwaka huu, nikayapitia ukurasa kwa ukurasa kama ninavyopima maneno ya wanasiasa. Mwanzoni kuna visanduku na vichwa vya samaki, mambo ya ovyo. Ngazi ya kwanza imechorwa kesho yake baada ya simu yako ya kuniuliza. Kuanzia hapo, kila mkutano una ngazi. Vipandio ni kumi na viwili, na cha saba hakipo. Nilihesabu mara mbili. Ni ngazi yetu, ile ya kushuka kutoka barabarani hadi mlangoni. Kipandio cha saba kilichukuliwa na mvua wiki niliyoondoka, nikasema nitakitengeneza nikirudi.

Sasa nikuambie nililokuficha. Mkurugenzi wa redio anataka nibaki miaka miwili mingine, nami nilikuwa nimemkubalia kwa mdomo bila kukuuliza. Hapo nilikosa. Juzi aliniita nitie sahihi. Akaniachia mkataba na biki, yeye akaendelea na simu yake. Alipomaliza akachukua karatasi, akaitazama, akavua miwani.

"Bon, huu mukataba iko na ngazi, signature haina."

Hata mimi sikuwa nimeona. Waliokuwa mlangoni walicheka sana. Mama Aziza peke yake hakucheka. Karatasi iliyochafuka haipelekwi makao makuu Kinshasa, na umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo hawakuweza kuchapa nyingine. Jumatatu ataniletea karatasi safi.

Nitamrudishia ikiwa safi vilevile. Huko Bukavu sina kazi inayoningoja, ulijue hilo mapema. Nitaanza kubisha hodi kwenye redio moja moja, na pengine watanipa kazi ya vijana wanaoanza. Lakini usifunge mizigo. Narudi mimi.

Msalimie mama mkwe, na jirani yetu wa chini anayewasaidia kuchota maji. Mwambie Neema aache kuruka pale pengo lilipo akitoka shuleni, najua anaruka. Nisalimie na mdogo wako fundi mwashi. Katika simu iliyopita aliniambia amechoka kuiona ngazi ile, ana saruji iliyobaki, atamaliza kwa asubuhi moja. Mshukuru, kisha umwambie asikiguse kipandio cha saba.

Mimi mumeo,
Papa Neema